Sura ya Nne: Majirani Wadogo wa Dundumio

Mnamo mwaka wa 1849 alikufa katika bustani ya wanyama ya London kifaru wa Bara Hindi aliyekuwa ameishi humo miaka ipatayo 15. Na kwa kuwa vifaru walikuwa adimu Ulaya zama zile, na kila kiungo chao kikihesabiwa kuwa ni hazina ya elimu, mzoga wake ulikabidhiwa Richard Owen, mwanazuoni mashuhuri wa maumbile ya wanyama, ili aupasue na kuueleza kiungo baada ya kiungo. Owen aliifanya kazi hiyo kwa subira ya mtu asiyetaka kuacha kitu nyuma yake, na alipofika shingoni alikuta, kando ya tezi dundumio, kitezi kidogo cha rangi ya manjano kilichoshikamana nayo hapo inapotokeza mishipa ya damu. Akakitaja kwa maneno machache, kisha akaendelea na habari za moyo, mapafu na matumbo. Hakusema kina kazi gani, wala hakuna aliyemwuliza. Na kwa insafu hatuna haki ya kumlaumu, kwani mtu aliyekabiliwa na kifaru mzima juu ya meza ana udhuru wa kutosha wa kupita upesi juu ya kitu cha kadiri ile.

Aliyevipa vitezi hivyo haki yao ya kwanza ni kijana wa Uswidi, Ivar Sandström, aliyekuwa akisoma utabibu katika chuo kikuu cha Uppsala. Mwaka wa 1877, alipokuwa akichunguza shingo ya mbwa, aliona kitu kidogo ambacho vitabu vya waalimu wake havikukitaja. Akakitafuta kwa paka, kwa ng'ombe, kwa farasi na kwa sungura, akakiona. Ndipo akaingia katika kazi ya kuchunguza maiti za watu 50, na humo akavikuta vitezi hivyo aghlabu viwili kila upande wa shingo, akavipima, akavichora, akavitazama kwa hadubini, na kuviita kwa jina la Kilatini lenye maana ya vitezi vilivyo kando ya dundumio, ambalo kwa matamshi yetu limekuwa parathairoidi. Wahariri wa Ujerumani waliukataa utafiti wake kwa kuwa ulikuwa mrefu mno, ukachapishwa kwa Kiswidi mwaka wa 1880 katika jarida la chama cha matabibu wa Uppsala, ambalo nje ya nchi ile wasomaji wake walikuwa akali. Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba elimu ya kweli haizuiliki na kwamba ukweli hujitokeza wenyewe. Wanaosema hivyo wangefaa kumkumbuka Sandström, aliyefariki mwaka wa 1889 kwa mkono wake mwenyewe akiwa na umri wa miaka 37, pasipo kujua kuwa kiungo alichokivumbua, ambacho hukumbukwa kuwa ndicho kiungo kikubwa cha mwisho kugunduliwa katika mwili wa mwanadamu, kingekuja kuwa mlango wa tiba ya maradhi mazito.

Kila kimoja cha vitezi hivyo vinne, kikiwa kizima, kina kadiri ya punje ya mchele, na rangi yake ya manjano yenye kahawia kidogo haitofautiani sana na mafuta yanayokizunguka, hata tabibu mpasuaji asiyevizoea huweza kuvitazama asivione. Kazi yake haina uhusiano na kazi ya jirani yao mkubwa. Dundumio huchukua madini joto kutoka katika chakula na kuyafanya homoni inayoongoza mwendo wa mwili mzima, joto lake na wepesi wake. Ilhali vitezi jirani vina jukumu moja tu, nalo ni kulinda kiasi cha kalsiamu iliyomo ndani ya damu. Sehemu 99 katika kila 100 za kalsiamu ya mwili zimo mifupani na menoni, lakini ile sehemu moja iliyobaki ndiyo inayowezesha misuli kukaza na kulegea, moyo kupiga kwa utaratibu, na mishipa ya fahamu kupeleka habari. Kwa hiyo mwili hauikubalii ipungue hata kidogo. Inapoelekea kupungua, vitezi hutoa homoni yao, nayo huiamuru mifupa kutoa sehemu ya akiba yake, huzuia figo zisiipoteze kalsiamu katika mkojo, na kwa njia ya vitamini D huwezesha matumbo kuifyonza zaidi kutoka katika chakula. Damu ikiisha kupata kiasi chake, vitezi hunyamaa. Maradhi tunayoyaeleza katika sura hii huanza pale kimoja kinapoota uvimbe na kuacha kunyamaa: damu imejaa kalsiamu, nacho kingali kikitoa homoni, mifupa ikidhoofika mwaka baada ya mwaka na figo zikifanya mawe kwa kile zisichoweza kukitoa.

Haya hayakujulikana kwa kutazama wenye uvimbe. Yalijulikana kwanza kwa upande wa pili, kwa madhara ya kuviondoa, na waliodhurika walikuwa wagonjwa wa rovu. Katika bonde na milima ya Ulaya ya kati, kama katika nyanda za juu za bara letu zilizo mbali na bahari, udongo una upungufu wa madini joto, na dundumio, ikijitahidi kukipata kile kidogo kilichopo, huvimba hata kufikia ukubwa wa kuziba koo la pumzi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, upasuaji ulipoanza kuwa salama kwa sababu ya dawa za usingizi na usafi wa vyombo, matabibu wawili walisifika kwa kukata rovu: Theodor Billroth wa Vienna na Theodor Kocher wa Bern. Walakini wagonjwa wao walipatwa na misiba tofauti. Baadhi ya wale wa Vienna, siku chache baada ya kupasuliwa, vidole vilikuwa vikijikunja vyenyewe, misuli ikakakamaa, na koo likabana hata pumzi ikakatika; wale wa Bern waliondoka hospitali wazima, lakini baada ya miezi kadhaa wakavimba uso, wakawa wazito wa mwendo na wa fikra, na watoto miongoni mwao wakaacha kukua. Kocher aliukiri msiba huo hadharani mwaka wa 1883, akaacha kuitoa dundumio nzima, na mwaka wa 1909 akapewa tuzo ya Nobel kwa yale aliyoyafundisha kuhusu tezi hiyo.

Sababu ya tofauti ile ilikuja kuelezwa baadaye na William Halsted wa Baltimore, aliyewahi kuwatazama wote wawili wakiwa kazini, na maelezo yake yanafaa kusomwa na kila mtu anayeshika kisu. Billroth alikuwa mpasuaji wa haraka, asiyejishughulisha sana na damu, aliyeacha vipande vya dundumio huku na huku lakini akavikata vitezi jirani bila kujua. Kocher alikuwa wa taratibu, akifunga kila mshipa, akiivua dundumio yote kwa usafi karibu na ngozi yake yenyewe, na kwa usafi huo, bila yeye pia kujua, akaviacha vitezi mahali pake. Tabia za mikono ya watu wawili ndizo zilizotenganisha maradhi mawili ambayo ulamaa wote wa wakati huo waliyachanganya.

Mnamo 1891 Eugène Gley wa Paris alivikuta tena vitezi hivyo kwa sungura na kuonyesha kuwa mikakamao ile haiji ila vinapoondolewa pamoja na dundumio. Mwaka wa 1896 Vassale na Generali wa Modena waliviondoa peke yake kwa mbwa na paka, wakaiona mikakamao ileile ilhali dundumio ipo. Na mwaka wa 1909 MacCallum na Voegtlin walionyesha kwamba mnyama aliyekakamaa hupata nafuu mara anapodungwa kalsiamu. Kwa hiyo miaka 60 baada ya kifaru wa London, kazi ya vitezi ilikuwa imekwisha kujulikana katika mstari wake mkubwa. Lakini kilichojulikana kilikuwa ni upungufu, na upungufu huo ukawa pazia mbele ya macho ya watu, kwa sababu kila mtu aliyewaza juu ya vitezi aliwaza habari ya kukosa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Jakob Erdheim wa Vienna, mchunguzi wa maiti mwenye macho makali kuliko wengi, aliyeona kwamba watu waliokufa na mifupa iliyolainika mara nyingi walikuwa na vitezi vilivyokua. Alihitimisha kuwa mifupa ndiyo iliyougua kwanza, na vitezi vimekua ili kuisaidia. Na kwa maradhi aliyoyaangalia yeye hakukosea. Hatari ilikuwa katika kuipanua kauli hiyo kwa kila mfupa dhaifu na kila kitezi kikubwa. Friedrich Schlagenhaufer, mwenzake wa mji uleule, alishauri mwaka wa 1915 kwamba pale kinapokutwa kitezi kimoja tu kilichokua, na vingine ni vizima, basi hicho kimoja yamkini ndicho chanzo na kinastahili kuondolewa; lakini dunia ilikuwa vitani, na rai yake ikapita.

Miaka kumi ilikwisha hata ikajaribiwa, na aliyeijaribu, Felix Mandl, aliifikia kwa njia ya kinyume chake. Mgonjwa wake alikuwa mtoza nauli wa tramu za Vienna, ambaye mifupa ilimwuma miaka kadhaa, paja likavunjika, na mkojo wake ukawa mweupe kwa kalsiamu. Mandl, akishika dhana iliyotawala, alimpa kwanza dawa iliyotengenezwa kwa vitezi vya wanyama, haikufaa. Kisha akampandikizia vitezi vya mtu aliyekufa kwa ajali, ili kuiongezea mifupa msaada uliodhaniwa kupungua, havikufaa. Hapo ndipo alipofanya lile linalomstahilia sifa, nalo ni kuihukumu dhana yake mwenyewe kwa ushahidi wa mgonjwa aliye mbele yake: tarehe 30 Julai 1925 aliifungua shingo ya mtu yule, akakuta uvimbe wa urefu wa milimita 25 hivi katika kimoja cha vitezi, akautoa. Maumivu yakapungua, kalsiamu katika mkojo ikashuka, na mtu aliyekuwa hawezi kusimama akatembea kwa bakora. Miaka michache baadaye maradhi yalimrudia, akafariki mwaka wa 1936. Lakini burhani ilikuwa imekwisha kupatikana, na kuanzia siku ile uvimbe wa vitezi jirani ukawa maradhi yenye tiba.

Yenye tiba, ila kwa sharti la kuuona uvimbe. Hilo ndilo lililomwumiza Charles Martell, nahodha wa meli za biashara za Marekani, ambaye katika elimu ya tiba hii jina lake linajulikana kuliko la matabibu wengi waliomhudumia. Mwaka wa 1918 alikuwa mtu mrefu, mwenye umbo la kupendeza. Muda mfupi baadaye mifupa ilianza kumwuma na kuvunjika kwa sababu ndogo ndogo, kifua kikajikunja, uti wa mgongo ukashuka, na kufika mwaka wa 1926 alikuwa amepungukiwa na sentimita zipatazo 18 za kimo chake, hata picha zake mbili, ya ujana na ya ugonjwa, zikiwekwa bega kwa bega, mtazamaji hawezi kuamini ni za mtu mmoja. Katika hospitali ya Bellevue ya New York alitazamwa na Eugene DuBois. Mwaka uliotangulia, Collip wa Kanada alikuwa ameonyesha kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka katika vitezi vya ng'ombe, wakidungwa mbwa, hupandisha kalsiamu ya damu. Naye DuBois akaona kuwa hali ya nahodha yule ni kama ya mtu anayedungwa maji hayo kila siku, ilhali hakuna anayemdunga. Bila ya kuwa na habari za Vienna, akahukumu kwamba vitezi vyake vinafanya kazi kupita kiasi.

Akapelekwa Boston, katika hospitali kuu ya Massachusetts, kwa sababu ambayo haikumhusu hata kidogo: huko alikuwako Joseph Aub, aliyekuwa akitafuta njia ya kuitoa risasi mifupani mwa mafundi waliolishwa sumu na kazi zao, na kwa ajili hiyo alikwisha kuwa hodari wa kutumia dawa ya vitezi na wa kupima kila chembe ya kalsiamu inayoingia na kutoka katika mwili wa mtu. Vipimo vilithibitisha hukumu ya DuBois. Kilichosalia kilikuwa ni kuufungua mwili na kuutoa uvimbe, jambo lililodhaniwa kuwa jepesi. Mwaka wa 1926 Martell alipasuliwa shingo mara mbili hapo Boston, na vitezi vilivyotolewa vikawa vizima. Mwaka wa 1929 akapasuliwa New York, usionekane uvimbe. Mwaka wa 1932 akarudi Boston akapasuliwa tena na tena, mpaka hesabu ikafika sita, na kila mara kalsiamu ya damu ikabaki juu palepale ilipokuwa. Kati ya upasuaji na upasuaji alirudi kwenye kiti cha magurudumu na kwenye mawe yake ya figo.

Lipo jambo moja katika habari za mtu huyu ambalo kwangu lina uzito kuliko uhodari wa wapasuaji. Nahodha aliyezoea kusoma ramani ya bahari aliamua kuisoma ramani ya mwili wake: akawa akienda katika maktaba ya chuo cha utabibu cha Harvard, akisoma vitabu vya maumbile na majarida kuhusu vitezi, na kutokana na kusoma huko akasadiki kwamba uvimbe wake umo kifuani, akawa akiwahimiza matabibu waufuate huko. Wao nao hawakukaa bure. Oliver Cope, kijana wa wakati ule aliyewekwa chini ya mpasuaji Edward Churchill, alitumia muda mrefu kupasua maiti ili macho na vidole vyake vizoee sura ya vitezi kabla ya kuvitafuta kwa mtu aliye hai. Mwezi wa Novemba 1932 wakaufungua mfupa wa kidari, na humo, katika nafasi iliyo baina ya mapafu, wakaukuta uvimbe wa sentimita tatu. Wakaogopa kuutoa wote, wasije wakamwacha mtu bila kitezi chochote baada ya vizima vyake kukatwa. Wakabakiza kipande pamoja na mshipa wake wa damu. Mifupa iliyokuwa na njaa ya kalsiamu kwa miaka zaidi ya kumi iliinywa yote iliyomo damuni, ikaja mikakamao, wakaipigania kwa kalsiamu na vitamini D. Na baada ya majuma sita, jiwe la figo likakwama katika njia ya mkojo, akapasuliwa ili kulitoa, koo likabana, akafa.

Kwa nini uvimbe wa kitezi cha shingoni ukakutwa kifuani? Jawabu limo katika maisha ya mtoto tumboni mwa mama yake. Vitezi viwili vya chini huanza pamoja na tezi thaimasi, ambayo makao yake ni kifuani, na vyote huteremka kwa pamoja. Kwa kawaida kitezi hujitenga na kubaki nyuma ya ncha ya chini ya dundumio, lakini mara nyingine hakijitengi upesi, kikachukuliwa mpaka ndani ya kidari. Vya juu havina safari ndefu hivyo, ingawa navyo vikivimba huweza kuteleza nyuma ya umio. Mtu aliyeyajua haya huijua njia ya kuifuata, na hayo ndiyo maarifa yaliyonunuliwa kwa mwili wa nahodha. Timu ile ya Boston, ambayo Fuller Albright alikuwa kiongozi wa fikra zake, iliacha kuwangoja watu waliovunjika mifupa, ikaanza kupima damu ya watu wenye mawe ya figo tu, na mwaka wa 1934 ikatangaza wagonjwa 17 waliothibitishwa katika hospitali moja, maradhi yaliyokuwa yakihesabiwa ajabu muda mfupi tu kabla ya hapo.

Yaliyofuata nitayapitia kwa haraka, kwani ni habari ya vyombo zaidi kuliko habari ya watu. Mwaka wa 1963 Rosalyn Yalow na Solomon Berson waliweza kuipima homoni yenyewe ndani ya damu, kwa njia ambayo Yalow aliipatia tuzo ya Nobel mwaka wa 1977. Na tangu hapo hukumu ya maradhi haya imekuwa bayana kuliko ya maradhi mengi, maana damu yenye kalsiamu nyingi ilipasa kuvinyamazisha vitezi, na ikikutwa homoni haikunyamaa, basi aghlabu kuna kitezi kilichoasi. Katika miaka ya 1970 mashine za maabara zikaanza kupima kalsiamu pamoja na vitu vingine vingi kwa mkupuo mmoja, na wakatokea wagonjwa wasiougua chochote. Mwisho wa miaka ya 1980 ikapatikana dawa yenye mnururisho, sestamibi, ambayo hukaa katika uvimbe wa kitezi baada ya kutoka katika dundumio, ikauonyesha katika picha, hata ule wa kifuani. Na kwa kuwa homoni hii huisha damuni kwa dakika chache tu, mpasuaji wa leo aweza kuipima mgonjwa angali mezani, na ikishuka zaidi ya nusu katika dakika kumi baada ya kuutoa uvimbe, akafunga jeraha bila kuvitafuta vitezi vingine. Uvimbe huu katika idadi kubwa ya watu, zaidi ya wanane katika kila kumi, ni wa kitezi kimoja tu, na saratani yake ni nadra mno, chini ya mmoja katika mia.

Lakini haya ni ya pale kipimo kilipo. Katika nchi ambazo kalsiamu haipimwi ila kwa shida, maradhi haya hayaji kwa sura ya tarakimu katika karatasi ya maabara. Huja kama yalivyomjia nahodha, kwa mfupa uliovunjika bila ya ajali, au kwa jiwe la figo la tatu au la nne, au kwa mama aliyechoka na kuhuzunika ambaye kila mtu humwambia ni umri. Tabibu wa hospitali ya wilaya anayeiandikia kalsiamu karatasi ya kipimo kwa mgonjwa wa mawe ya figo anafanya kazi ileile ya Albright ya mwaka 1934, nayo haijapitwa na wakati.

Na dundumio yenyewe je? Ajabu ni kwamba kwa jirani huyu mkubwa mashaka yamegeuka kichwa chini. Uvimbe wake haukujificha; uko mbele ya shingo, chini ya ngozi, na mtu huweza kuugusa kwa kidole. Akiwekewa chombo cha mawimbi ya sauti, hata uvimbe wa milimita tatu huonekana, na sindano nyembamba, njia iliyositawishwa sana na matabibu wa Uswidi katika miaka ya 1950, huchukua chembe zake bila kisu. Tatizo ni kwamba vitu hivyo vimejaa. Watafiti wa Ufini mwaka wa 1985 walizikata dundumio za maiti 101 za watu waliokufa kwa sababu nyingine, vipande vyembamba vyembamba, wakakuta saratani ndogo za aina ya papilari katika zaidi ya thuluthi moja yao. Watu hao waliishi nazo na kuzikwa nazo, na hazikuwafanya lolote.

Taifa lililoilipia elimu hii kwa gharama kubwa ni Korea ya Kusini. Tangu mwaka wa 1999 serikali yake iliwahimiza raia kuchunguzwa saratani mbalimbali, na ingawa dundumio haikuwamo katika orodha, hospitali na zahanati zikaongeza kipimo cha shingo kwa ada ndogo, na watu wakakipenda kwa kuwa hakiumi. Kufika mwaka wa 2011 idadi ya saratani za dundumio zilizotangazwa ilikuwa mara 15 ya ile ya mwaka 1993, ilhali idadi ya waliokufa nayo haikusogea juu wala chini. Karibu wote walipasuliwa. Hapo ndipo vitezi jirani vinaporudi katika hadithi: hesabu za bima za Wakorea zaidi ya 15,000 waliokatwa dundumio zilionyesha kuwa 11 katika kila 100 walipata upungufu wa homoni ya vitezi, yaani msiba uleule wa wagonjwa wa Billroth, na wawili katika 100 walipooza mshipa wa sauti. Matabibu kadhaa wa huko walipojitokeza mwaka wa 2014 kusema hadharani kwamba wanaokatwa wengi hawakuwa na haja ya kukatwa, upasuaji ulipungua kwa thuluthi moja hivi katika muda wa mwaka mmoja.

Siko katika kundi la wanaosema saratani ya dundumio ni jambo la kudharauliwa. Ziko aina zake zinazoua kwa miezi michache, na iko aina ya chembe zinazotoa kalsitonini inayorithiwa katika ukoo kwa hitilafu ya jeni moja iitwayo RET, ambayo kwayo mtoto mdogo hutolewa dundumio kabla uvimbe haujaota, na hufanyiwa haki. Tena katika nchi zenye upungufu wa madini joto, aina ya folikuli, inayopenda kusafiri kwa damu hata mifupani, ina sehemu kubwa zaidi kuliko penye chumvi iliyotiwa madini hayo. Ninalolisema ni la zile ndogo, zisizofika sentimita moja, zisizotoka nje ya tezi. Katika hospitali ya Kuma, mjini Kobe, Akira Miyauchi alishauri mwaka wa 1993 kwamba wagonjwa wa namna hiyo, wakipenda, wasikatwe bali watazamwe kila mwaka. Na katika wagonjwa 1,235 waliofuatwa hivyo, wale ambao uvimbe wao ulikua kwa milimita tatu katika miaka kumi walikuwa takriban wanane katika kila mia, na hakuna aliyekufa kwa saratani hiyo. Mpasuaji ambaye kazi yake ni kukata dundumio, kisha akawaambia wagonjwa wake kwamba si lazima wakatwe, ni mtu wa kuheshimiwa.

Kwa wale ambao lazima wakatwe, yaani wenye uvimbe mkubwa, au saratani iliyotoka nje, au rovu linalobana pumzi kama linavyoonekana bado katika nyanda zetu za juu, swali la Sandström limebaki palepale: viko wapi? Mnamo 2011 watafiti wa chuo kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walieleza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: vitezi jirani, vikimulikwa kwa mwanga ulio ng'ambo kidogo ya wekundu, ambao jicho haliuoni, hurudisha mng'ao wao wenyewe, mkali kuliko wa dundumio na wa mafuta, bila ya kutiwa rangi wala dawa. Kinachong'aa ndani yake hakijajulikana. Kamera zinazouona mng'ao huo zimeruhusiwa Marekani tangu 2018, na katika jaribio lililofanywa Ufaransa na kutangazwa mwaka wa 2020, wagonjwa walioshuka kalsiamu baada ya kutolewa dundumio nzima walikuwa 9 katika kila 100 palipotumika kamera, na karibu 22 pasipotumika. Kushuka huko ni kwa muda. Kama kamera itapunguza na wale wasiopona, majaribio hayajakata shauri. Mwanga wenyewe haupenyi ila milimita chache za nyama, kwa hiyo kitezi kilichozama kifuani haukioni. Na kilichovimba kwa maradhi mara nyingi hung'aa kidogo kuliko kizima, hata mpasuaji anayeutumia hulazimika bado kuingoja karatasi ya damu kutoka maabara kabla ya kuamua kipi akiache na kipi akitoe.